Bahari Iliyoruka Kila Magharibi

Nilikuwa nasoma fizikia Italia, na profesa wangu alikubali tasnifu yangu iwe juu ya kupwa na kujaa kwa bahari ya kwetu, Koyama. Sharti lake lilikuwa moja: vipimo visipokubaliana, shahada hakuna. Nikarudi kisiwani na mzigo wa madaftari, nikachomeka mti wenye alama majini. Furaha niliyokuwa nayo! Watu walinicheka kwamba nimevuka bahari kwenda kusomea maji ya nyumbani.

Mchana nilipima mwenyewe. Baada ya magharibi alipima shangazi yangu, maana nyumba yake ilikuwa pale pale ufukweni. Hakujua kuandika, lakini saa aliisoma vizuri. Kila Ijumaa hunitajia vya wiki nzima kwa kichwa: "Usiku wa Jumanne, saa mbili na nusu, maji yamejaa, alama ya tisa." Nami naandika Jumanne. Saa zetu nilizigeuza kuwa za Kitaliani bila kukosea hata moja, nikajiona bingwa.

Mwezi ulipokwisha nikachora. Kumbe kila jua likizama, bahari yetu inaruka karibu saa nzima! Hakuna kitabu kilichowahi kusema hivyo. Nikamwandikia profesa barua ndefu, huku nikijiona nimeshakuwa mtu wa kutajwa madarasani.

Shangazi akaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikamwonyesha nukta moja: "Hii ni ile yako ya Jumanne jioni."

"Jumanne jioni? Mimi nilikwambia usiku wa Jumanne. Jua lililozama ni la Jumatatu! Mchu husoma hata akasahau kwao? Usiku huja mbee, mchana nyuma yake."

Nilitamani ardhi inimeze. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Nikaichana barua, nikarudisha vipimo vyake vyote siku moja nyuma. Maji hujaa karibu saa moja baadaye kila siku; siku niliyokosea ndiyo saa ile iliyoruka. Nukta zikaingia mstarini moja baada ya nyingine, hakuna kuruka popote. Nilipiga ukelele mpaka majirani wakaja mbio. Furaha hii iliishinda ile ya kwanza, kwa kuwa hii ilikuwa ya kweli.

Siku ya kuitetea tasnifu, profesa alisema nimefaulu. Kisha akauliza mbona vipimo vya mchana vinayumba kidogo, na vya jioni havina doa. Jioni alipima nani?

"Shangazi yangu. Hajui kuandika."

"Na mchana?"

Nikashindwa kuzuia kicheko. "Mimi," nikasema.