Ngamia wa Kuazima Ndani ya Kompyuta

Nakumbuka siku moja alasiri, kompyuta ilipomgeuka dada yangu Hodan. Usicheke nikikuita mwanangu. Mimi ni mzee wa kidato cha nne. Wewe juzi tu umeingia cha kwanza, na begi lako bado linakubeba wewe.

Hodan hupiga video za harusi hapa Garissa, upande wa akina mama. Huko ndani mitandio huvuliwa, simu huachwa mlangoni, na video ile haionwi na mwanamume yeyote, hata mimi na ndevu zangu za kuhesabika.

Siku hiyo bibi harusi alikuwa anapanda basi kwenda Habaswein kwa mumewe, na mamake akaja kuchukua video. Hodan alikuwa ameshaikata na kuipanga tangu jana yake, imebaki kuitoa tu iwe video ya kuchezwa kwenye simu. Akafungua programu ya kukatia video, anayoikodi kwa mwezi. Ikamwambia: muda umekwisha, lipa. Bei ya mwezi ilikuwa imepandishwa, na pesa za kwenye simu hazikutosha.

"Hodan, basi linanguruma! Harusi ya binti yangu iko wapi?"

"Iko humu, habo, mama yangu mdogo. Imefungiwa."

"Nani ameifungia?"

"Wenye programu."

"Ni wa ukoo gani hao? Tuwapelekee wazee!"

Mimi nikajipendekeza: "Niipeleke saiba, kwenye duka la kompyuta la Abdi? Yeye amelipia."

"Abdi awaone mama zako vichwa wazi?" Hodan alinitazama, nikautafuta mlango.

Ayeyo, nyanya yetu, akaweka tasbihi chini. "Huyo ni ngamia wa kuazima. Mwenyewe akimtaka humchukua, hata ukiwa umeshika chuchu. Lakini wewe, Hodan, maziwa ya jana uliyaacha kwenye kiwele ya nini?"

Hodan alichomoa kadi ya kamera, yenye picha mbichi zisizopangwa, akampa yule mama. Mama akaifunga kwenye pindo la mtandio, akatoka bila asante. Harusi iliyofuata ya ukoo ule, aliitwa mpiga video mwingine.

Sasa sikia, mwanangu. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Usininunie, methali si yangu. Programu ya kukodi ikodi, wengi hatuna namna. Lakini ijue siku yake ya kulipiwa, na gharama yake uitie kwenye bei unayomtajia mteja tangu mwanzo. Na kazi ikiisha, itoe jioni hiyo hiyo, iwe video ya kufunguka kwenye simu yoyote, uiweke kwenye diski yako. Kamua, mimina kwenye kibuyu chako, funika.

Mungu akupe ngamia wako mwenyewe, na kabla hajafika, akupe kibuyu kisichovuja. Sema amin. Na hilo hamri mfukoni mwako, mzee ameliona; lete nusu.