Sweta ya Dada na Figo Langu

Mwaka ule dada yangu mkubwa alikuwa Kampala, akisafishwa damu kwa mashine. Mimi nilibaki Bunia na diploma mpya ya biolojia, nikingoja madaktari wake waseme kama figo langu lingemfaa. Vita vilikuwa vimetulia, barabara zilikuwa zimefunguliwa na ng'ombe wa baba walikuwa wamerudi malishoni, lakini pikipiki ikipita mbio, sote tuligeuka kwanza kutazama mlango.

Nikiogopa huwa nasema sana. Siku moja mezani niliwaeleza wazazi nilichosoma: ndama mapacha huchanganya damu tumboni, na wakikua, mmoja hupokea kipande cha ngozi ya mwenzake bila mwili kukikataa. Watafiti walifanya vivyo hivyo kwa panya ambao hawajazaliwa, wakawadunga chembe za panya wengine. Walipokua, miili yao ilikubali hata ngozi ya wale wageni.

"Na weye na yaya yako?" mama akauliza, yaani dada yangu.

"Siye hatukukala tumbo pamoja, mama."

Baba akacheka. "Ng'ombe akifiwa na mutoto, tunavalisha ndama ingine ngozi ya ule mwenye alikufa. Mama anamunusa, anamupa maziwa. Hakuna chuo."

Nikasema pua ya ng'ombe inadanganyika, damu ya mtu haidanganyiki hivyo. Kesho yake mama alinipa sweta ya dada, haijafuliwa tangu aondoke.

"Vaa. Figo izoee harufu yake."

Nilijua si kweli. Niliivaa majuma matatu, hata sokoni Mbunya juani, mpaka muuza ndizi akaniuliza kama nina malaria. Niliinusa shingoni, mafuta ya nywele na moshi, nikawaonea wivu ndama. Nilitamani tumbo ambalo dada alikwishalitoka miaka sita kabla yangu.

Kisha dada akapiga simu.

"Wamesema hapana. Figo yako haitakaa. Damu yangu itaipiga vita."

Nilianza kueleza kuhusu dawa za kupunguza kinga, kuhusu vipimo vingine. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza, profesa?"

"Ndiyo, yaya."

"Basi kuja. Figo uache kwako, kuja na mudomo tu. Huku hakuna mutu wa kunichekesha."

"Utaningoja?"

"Niko kwa mashine. Nitaenda wapi?"

Asubuhi nilikwenda kuomba karatasi ya kuvuka mpaka.