Salamu Iliyomezwa na Mashine

Ildefonsi amewasagia watu wa Kibondo mahindi tangu ujana wake, na mashine ile ya dizeli ndiyo iliyomlelea binti yake, Niyubahwe. Lakini mashine nayo ilikula. Ilimtafuna masikio kidogo kidogo, naye kwa ubishi wake akasema watu wa siku hizi wananong'ona mno.

Ubishi ulimponza asubuhi washenga wa mchumba wa Niyubahwe walipofika kutoka Kasulu. Walisimama nyuma yake, wakapiga viganja taratibu kama Waha wanavyosalimiana, wakasema, "Mwakeye." Ildefonsi akaendelea kufunga kiroba. Wakarudia. Akavuta kiroba kingine. Basi mzee Reverien, baba mdogo wa kijana, akawageuza wenzake, maana baba wa binti asiyeitikia salamu ameshakataa. Niyubahwe alilia mpaka macho yakavimba. Majirani walipomweleza Ildefonsi kilichotokea, aliona afadhali ardhi impasukie.

Akaapa kutibiwa kwanza, ndipo awaite tena washenga, akiwa na masikio ya kuwasikia na kuwaitikia. Hospitalini, mtaalamu wa masikio, Zuleha, alimpima, kisha akaketi mbele yake na kupaza sauti.

"Ndani kabisa ya sikio, mzee wangu, kuna seli zenye vinyweleo. Zako ziliumbika ukiwa bado tumboni mwa mama. Kelele zikishaziua, hazioti tena."

"Hata kwa dawa?"

"Bado. Kuku ndiye aliyejaliwa. Zake zikifa, seli za jirani huzaa nyingine, akasikia tena. Wataalamu wanatafuta namna ya kuziamsha za kwetu."

Ildefonsi aliwakumbuka kuku wake, wanaodonoa pumba mchana kutwa katika kelele ile ile. "Kumbe jogoo ananizidi," akasema, akacheka, lakini moyo ulimuuma.

Baba wa binti kuwafuata wakwe ni aibu. Ildefonsi aliwafuata hivyo hivyo. Alimkuta Reverien uani akipepeta maharage, akainama, akapiga viganja yeye kwanza. Reverien alijibu bila kuinua uso.

"Mzee mwenzangu," akasema Ildefonsi, "kama umeitika, sikusikia. Hata siku ile sikusikia. Masikio yangu yamekufa, na ya binadamu hayaoti."

Reverien aliutua ungo. Akaja akasimama mbele yake, akainua mikono mpaka usawa wa macho ya Ildefonsi, akapiga viganja.