Tone la Mofini kwa Bi Sabira

Mnamo mwaka wa tisini na sita, katika hospitali moja ndogo ya kisiwani Mombasa, kazi ya ganzi na usingizi ilikuwa ya Kalama, mzaliwa wa Kaloleni aliyepanga chumba Makadara. Aliipenda kazi hiyo, ila jambo moja lilimkera. Wanawake waliopasuliwa kizazi hawakuhisi kitu mezani, lakini ganzi ikiisha, vilio vyao vilisikika wodi nzima.

Aliporudi kutoka mafunzoni, akiwa amejifunza kutia mofini kidogo, dawa kali ya kutuliza maumivu, ndani ya sindano ya ganzi ya mgongo, akamwomba daktari mpasuaji ruhusa. Daktari akakubali kwa sharti: pumzi za mgonjwa ziangaliwe hadi kesho yake.

"Nitaziangalia mwenyewe," Kalama akasema.

Wa kwanza alikuwa Bi Sabira, muuza vitambaa wa Mji wa Kale, aliyekuja kutolewa kizazi kwa ajili ya uvimbe. Kusikia neno mofini, akajikunyata.

"Mwanangu, hiyo si nduguye unga wa kulevya? Vijana wa mtaani kwetu wamekwisha kwa unga. Mimi sitaki."

Kalama hakumficha. "Ni ukoo mmoja, mama. Lakini hili ni tone, tena mara moja tu, halitakutia uteja. Huenda mwili ukakuwasha, na pumzi zaweza kupungua. Ndiyo maana sitabanduka kitandani pako."

"Hutabanduka?"

"Sibanduki."

"Haya basi. Bismillahi."

Upasuaji ulikwenda salama. Kalama akavuta kiti, akawa akitazama kifua cha yule mama kikipanda na kushuka. Hata chai aliletewa pale pale. Miguu ya Bi Sabira ikaanza kupata hisia. Kalama akangoja kilio, kisije. Kilichokuja ni lalamiko.

"Daktari, pua yaniwasha kama nimepakwa upupu!"

Nusura amkumbatie.

Asubuhi Bi Sabira aliteremka kitandani, akajishika tumbo, akaenda polepole hadi dirishani. Mgonjwa wa kitanda cha pili, Mejumaa, aliyekuwa akingoja zamu yake ya kupasuliwa, akamkodolea macho.

"Wewe ndiwe uliyepasuliwa jana?"

"Ndimi. Na aliyenichoma sindano ndiye huyu hapa. Mwambie akufanyie na wewe."

Kalama akainamisha uso kuficha tabasamu, lakini moyo wake ulikuwa umejaa furaha. Akasogeza kiti kwa Mejumaa, akaanza kumweleza yote, pamoja na habari ya kuwashwa.