Kofia ya Chuma Niliyoivaa Ukweni

Nikubali mwenyewe kabla hamjaisikia kutoka kwa watu wa Butiama, maana wao wakiisimulia wanaongeza chumvi: ni kweli niliwahi kuhudhuria siku ya kumaliza matanga ya baba mkwe wangu nikiwa na kofia ya chuma ya vita kichwani, mkanda umefungwa chini ya kidevu, mbele ya ukoo mzima, na ni kweli katekista alisimamisha sala kwa ajili yangu. Lakini si kweli kwamba nililia. Yale yaliyokuwa yanatiririka usoni ni samli, nitaeleza.

Mimi nina stationari ndogo hapa Musoma mjini, natoa fotokopi na kuuza madaftari, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nakusanya vitu vya askari wa zamani, hasa wale waliokwenda vita ya Bama, yaani Burma, wakati wa Mwingereza: vifungo vya shaba, beji, mikanda, chupa za maji, hata soksi ndefu zilizoliwa na mende. Kila kitu nakiandikia karatasi, kimetoka kwa nani, kijiji gani, nani alikivaa. Chupa moja niliipata Mugango kwa mama aliyekuwa anawekea mafuta ya taa, na huko Bunda nilinunua beji niliyoambiwa ni ya keya kabisa, askari wa mkoloni, nikaionyesha kwa kila mteja muda wa miezi mitatu, mpaka mzee mmoja akavaa miwani yake akaniambia hii ilikuwa ya walinzi wa kiwanda cha pamba, yeye mwenyewe alikuwa nayo. (Bado ninayo. Nimebadilisha karatasi tu.) Mke wangu Rebeka anakiita chumba kile kambini, na akiwa na hasira anakiita chuma chakavu.

Kitu kimoja sikuwahi kukipata: kofia ya chuma, ile pana yenye ukingo kama sahani iliyopinduliwa. Na kumbe ilikuwepo ukweni kwangu miaka yote hiyo na hakuna aliyeniambia.

Niliisikia siku mbili tu kabla ya shughuli, Rebeka akiongea kwa simu na dada yake, na nilipomuuliza akanijibu bila kunitazama, "Ni ya babu, aliyetoka nayo vitani. Na wewe ukifika kule usianze kuuliza bei, baba Neema. Nakuomba." Nikaahidi. Na ahadi hiyo nimeitimiza mpaka leo, sikuuliza bei.

Nilichokuwa sikijui (na hapa ndipo mjue uzito wa jambo lenyewe) ni kwamba kwenye ukoo ule kofia hiyo si kumbukumbu, ni kazi. Babu alipofariki, kofia iliwekwa kichwani kwa baba mkwe wangu mbele ya watu, na kuanzia hapo yeye ndiye akawa msemaji wa mji ule, nyumba, shamba na ng'ombe. Sasa naye amefariki, na alikuwa ameacha neno kwamba kofia avae Wakuru, dada mkubwa wa Rebeka, aliyeacha cherehani yake Bunda akarudi kumuuguza miaka miwili. Baba mdogo Magori, mdogo wake marehemu anayeishi Guta, hakutaka. Walibishana vikao vitatu, mwisho akakubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba mambo yakiharibika siku hiyo kikao kinaanza upya, na ng'ombe atawachunga yeye huko Guta wakati watu wanafikiri. Kila mtu pale alijua ng'ombe wakishafika Guta hawarudi. Kila mtu isipokuwa mimi.

Tulifika mapema. Wanawake walikuwa jikoni, wanaume wanafunga turubai, na mimi kama mkwe nikawekwa sebuleni nikapewa soda. Mlango wa chumba cha marehemu ulikuwa wazi kidogo. Ndani niliona kigoda, na juu ya kigoda kitu cha mviringo kimefunikwa kitenge kipya.

Ningebaki na soda yangu leo ningekuwa mtu wa heshima Butiama. Lakini mimi kitu kikifunikwa nawashwa. Nikajiambia naangalia tu, kuangalia si kugusa. Nikainua kitenge kwa vidole viwili. Ilikuwa yenyewe, rangi ya udongo, kutu kidogo pembeni, na ndani palikuwa pamewekwa ngozi ya ng'ombe badala ya kitambaa cha zamani, na mkanda wa kidevu nao wa ngozi, umeshonwa kwa mkono vizuri sana, wenye bizimu la chuma kama la mkanda wa suruali. Nani alishona? Lini? Ngozi ya ng'ombe gani? Nikaipindua nitafute mhuri wa kiwanda, nikauona, nikaupiga picha. Hapo ningeirudisha. Lakini nikataka kujua uzito wake kichwani, maana mtu aliyetembea nayo msituni huko Bama alikuwa anabeba nini hasa, na hilo huwezi kulijua kwa mikono. Nikavaa. Nikajipiga picha kadhaa. Kisha nikataka kujua mkanda unakaaje, nikaufunga huku naendelea kujipiga, bizimu likaingia kwa sauti ndogo, tak, nikajipiga nyingine napiga saluti, na nyingine nimetoa ulimi (msiniulize kwa nini, nina watoto wawili na duka).

Nilipotaka kuvua, bizimu likakataa. Ule ulimi wake ulikuwa umeingia kwenye kutu na haukuwa na nia ya kutoka. Nilivuta, nikasukuma, nikajaribu kupitisha mkanda juu ya kidevu nikakaribia kung'oa sikio. Nje nikasikia nyimbo zimeanza.

Rebeka aliingia kunitafuta. Alisimama mlangoni, akajishika kifua.

"Yesu na Maria. Baba Neema. Vua."

"Haivuki."

"Nimesema vua!"

"Mama Neema, ingekuwa inavuka ungenikuta nayo?"

Alijaribu na yeye mpaka kucha ikakatika. Nikasema tukate mkanda, nina kiwembe kwenye pochi, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona. Mkanda ule ulikatwa kwenye ngozi ya dume la kwanza la babu, akasema, ukikatwa ndio basi tena, hakuna kofia. Na hapo hapo, kwa kunong'ona na kwa haraka, akanieleza yote niliyowaeleza ninyi, kuhusu Wakuru, Magori na ng'ombe, na mimi nikahisi ile kofia inaongezeka kilo.

Mpango wetu ulikuwa wa kijinga lakini ulikuwa mmoja tu: anifunike kitenge kichwani kama mtu anayeumwa jino, nikae viti vya nyuma, yeye akamnong'oneze shangazi Nyanjige, dada wa marehemu, ambaye ndiye mwenye kazi ya kuivisha kofia, waje wanitoe kimya kimya nyuma ya nyumba. Nikatoka hivyo. Kichwa changu chini ya kitenge kilikuwa kipana kama mzinga wa nyuki. Mzee mmoja jirani yangu akaniuliza, "Jino?" Nikaitikia kwa kichwa, na kichwa kikagonga kiti cha mbele, ngo.

Akanitazama vizuri zaidi.

Rebeka alikuwa bado anapenya kati ya watu kumfikia shangazi wakati katekista aliposimama akasema, "Tusali. Wanaume tuvue kofia." Kofia zote zikatoka. Nikainamisha uso nikidhani kitenge kinahesabika kama bandeji.

"Na yule ndugu wa nyuma," akasema katekista kwa upole. "Nguo ya kichwani, tafadhali."

"Ana jino," mtu akasema.

"Jino halivaagi kitenge," akasema yule mzee jirani yangu, na kwa moyo wa kusaidia kabisa, akakivuta.

Nikaishika kofia nijaribu tena kuivua, mbele ya wote, ikakataa. Katekista alikuwa na mkono hewani, ishara ya msalaba imefika nusu. Wakuru alikuwa amekaa katikati kwenye mkeka, ameoga, kichwa wazi, anasubiri. Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, alikuwa anatazama kama mtu anayeona kitu alichokitarajia siku zote kwamba kitaharibika, tena kimeharibikia mahali asipopadhania.

Baba mdogo Magori alisimama polepole. Alikuwa na fimbo na koti zito, na sauti yake haikuwa ya ugomvi hata kidogo.

"Wazee, mnaona wenyewe. Mimi sijasema neno. Kofia ya kaka yangu imeondoka mahali ilipowekwa, imemkimbia mwanamke, imeona heri ikae kwa mkwe. Na imekataa kutoka. Hiyo ni nini kama si marehemu anaongea?" Wazee wawili watatu wakaguna kwa kukubali. "Basi tuahirishe. Ng'ombe nitaondoka nao leo, vijana wangu wapo getini."

Na jamani, niwaambie ukweli, kwa sekunde chache ile njia ilinipendeza. Kuna watu walianza kunitazama kwa adabu. Mkwe aliyechaguliwa na kofia! Ningekaa kimya tu, aibu yangu ingegeuka kuwa ajabu, na hakuna ambaye angejua kwamba niliingia chumba cha marehemu kama mwizi wa sukari. Lakini Wakuru alikuwa bado ananitazama, na nje ya geti nilisikia vijana wanapiga miluzi kuwakusanya ng'ombe.

Nikasimama. "Marehemu hajaongea," nikasema. "Ni mimi. Naombeni niwaeleze kwa mpangilio."

Nikaeleza. Soda, mlango, kigoda, vidole viwili, mhuri, uzito, mkanda, bizimu. Nikasema wazi kwamba nakusanya vitu hivi na kwamba nilipoiona niliitamani. Rebeka alijifunika uso. Magori akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mkwe wetu ana heshima, anataka kumfichia shemeji yake aibu. Lakini mtu mzima na akili zake atajifungia kofia ya chuma peke yake chumbani kwa sababu gani?"

Swali lilikuwa zuri. Jibu lilikuwa mfukoni kwangu. Nikatoa simu, nikaifungua, nikampa shangazi Nyanjige.

Zilikuwa picha saba. Shangazi aliziangalia moja moja, uso wake haubadiliki, akasonga mbele, akarudi nyuma, akaikuza moja kwa vidole. Kisha akampa mzee wa pili. Mzee wa pili akaanza kutikisika mabega. Simu ikapita mstari kwa mstari, na kila ilipofika nikasikia kicheko kinawaka kama majani makavu: mimi nafunga mkanda, mimi nimekaza uso kama jenerali, mimi na saluti ya mkono wa kushoto (wa kulia ulishika simu), mimi na ulimi. Katekista alizitazama zote saba kwa makini, akakohoa, akageukia ukutani.

"Simu zinadanganyaga," akasema Magori.

"Magori," akasema shangazi, "simu ndiyo iliyomwambia atoe ulimi?"

Hapo kicheko hakikuzuilika tena. Hata wale waliokuwa wanaguna walicheka, na mtu anayecheka hivyo hawezi tena kusema marehemu ameongea. Shangazi alingoja watulie. "Kofia haijaenda kwa mtu. Mtu ndiye aliyeifuata, kama mbuzi anavyofuata chumvi. Leteni samli."

Nikapigishwa magoti mkekani mbele ya Wakuru. Samli ikamiminwa kwenye bizimu, na kwa kuwa kidevu changu hakikupewa maelezo ya kutosha, nyingine ikaingia mdomoni na nyingine machoni. Wakuru mwenyewe alichukua spoku ya baiskeli akaanza kuchokoa, taratibu, kwa mkono wa fundi cherehani aliyewahi kufungua zipu za watu wengi.

"Usitikisike, shemeji."

"Nisamehe."

"Kaa kimya, nitakutoboa."

Tak. Hewa iliingia kichwani kwangu kama nimefunguliwa dirisha. Shangazi akaipokea kofia, akaipangusa, akataja majina ya waliowahi kuivaa (jina langu halikutajwa, namshukuru), akaiweka kichwani kwa Wakuru. Ilikuwa kubwa kwake, ikashuka mpaka kwenye nyusi. Akaisukuma juu kwa kidole kimoja, akatazama getini, na maneno yake ya kwanza kama mwenye mji yalikuwa haya:

"Wale vijana waambieni wawarudishe ng'ombe zizini. Baba mdogo, karibu chakula. Na shemeji yangu akanawe, anaanza kuvutia nzi."

Magori alikaa. Alikula pia, tena vizuri.

Zile picha saba zilitumwa kwenye kundi la ukoo kabla sijarudishiwa simu yangu, na sasa kila mtu wa ukweni akitaka kumtakia mwenzake heri ya siku ya kuzaliwa anatuma picha yangu na ulimi wangu nje. Nimezoea. Vitu vya askari bado nakusanya, ila nimejiwekea amri moja, sitainua tena kitambaa kwenye nyumba ya watu kabla ya kuuliza kilichofunikwa kinafanya kazi gani pale, maana mimi siku zote nilikuwa nauliza kilifanya kazi gani zamani, na kumbe vingine havijastaafu. Ukweni naendaga kama kawaida. Wakuru hunipokea vizuri, hunichinjia kuku, hunipa soda, halafu kabla hajaenda jikoni anasimama mbele ya mlango wa chumba kile, anaufunga kwa kufuli, anatia ufunguo kifuani, na kuniuliza kwa upole kabisa kama watoto hawajambo.