Mume Wangu Alificha Gobore Ndani ya Mzinga, Wanangu Wakalifuata Wakijua ni Asali

Admin, jina langu lisionekane kabisa, maana mume wangu na mawifi zangu wote wanapitia ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, elimu yangu ni darasa la saba, nimeolewa huku Sikonge. Nina mapacha wa kiume wa miaka mitano na mwingine mchanga bado ananyonya. Mapacha ni Kulwa na Doto, na hata nikiwataja hamtanijua, kwetu kila mapacha ndivyo wanavyoitwa.

Mume wangu analima tumbaku na kurina asali. Pombe hanywi, wanawake sijasikia, siwezi kumsingizia. Ugomvi wetu ni gobore. Alipewa na baba yake, akafuata taratibu zote na kibali anacho. Mwaka juzi wezi walivunja kwa jirani yetu wakamkata mkono kwa panga. Tangu hapo mume wangu halali mpaka gobore liwe limeshindiliwa baruti, na ile fataki ndogo ya kulilipua iko mahali pake tayari. Sikumlaumu. Hata mimi siku zile niliona afadhali.

Lakini alikuwa analiweka chini ya godoro, kitanda ambacho watoto wanarukia kila asubuhi. Nikasema wee. Mama mkwe nilipomwambia akacheka, akasema yeye kalea watoto tisa na hilo hilo gobore likining'inia ukutani, na wote wako hai. Nikaenda kwa fundi seremala akanitengenezea sanduku refu la mninga, nikanunua na kufuli. Mume wangu akalisifia sana. Kesho yake nakuta kaweka humo nguo zake za kwaya.

Nilimwambia basi fataki na baruti viweke kwingine, gobore lifungie sandukuni, ufunguo vaa shingoni. Akanijibu, "Mama Kulwa, mwizi akishavunja mlango nimwambie anisubiri kidogo natafuta ufunguo?" Hapo mjadala ukaisha, maana akishanijibu hivyo anatoka nje.

Baada ya wiki akaja anatabasamu, eti kapata mahali ambapo hata shetani hapajui. Pale stoo ana mizinga ya magogo anayoichonga kabla ya kwenda kuitundika porini. Kalisukuma gobore ndani ya mmoja, akaziba na kifuniko chake cha gome. Nikaona angalau limetoka chumbani. Hilo ni kosa langu na ninalikubali. Mimi ni mke wa mrina asali, nilitakiwa kufikiri.

Siku moja mchana nilikuwa bani, kwenye banda la kukaushia, nafunga majani ya tumbaku, mtoto mgongoni. Nikaona kimya kimezidi. Mwenye watoto wa kiume anajua kimya kile. Nikaenda stoo. Doto ameshika bakuli. Kulwa amepiga magoti mbele ya mzinga, kifuniko kakitupa pembeni, anavuta kitu kwa mikono miwili, na mdomo wa gobore umeshatoka unamwangalia kifuani. Akageuka akaniambia, "Mama, tusaidie, asali imekwama."

Ndugu zangu, watoto hawa tangu waanze kutembea wamemwona baba yao akiingiza mkono kwenye mzinga na kutoa masega. Wangetafuta nini kingine humo?

Sikupiga kelele, niliogopa atashtuka avute kwa nguvu. Nilimwambia mwanangu acha taratibu, njoo ule ugali. Akaacha. Nikawatoa nje, nikafunga stoo, nikakaa chini kwenye vumbi.

Mume wangu aliporudi nilimweleza yote nikilia. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Si halikulia?"

Neno hilo halijanitoka mpaka leo. Asubuhi yake nikachukua watoto nikaja kwa mama yangu, Kigwa. Sasa ni wiki ya tatu. Mama ananionea huruma ila anasema mwanamke haondoki kwake kwa sababu ya chuma. Mawifi wanasema nataka kaka yao akamatwe, eti basi niende polisi nikaripoti, nione kama nitarudi tena kwao. Sitaki akamatwe, ni baba wa watoto wangu na nampenda. Nataka afunge kufuli tu. Kwani kufuli ni matusi?

Juzi akapiga simu, mpole kabisa. Kasema turudi, nyumba haina raha, gobore kalitoa kwenye mzinga. Nikamuuliza kaliweka sandukuni? Akasema hapana, ila mahali pengine pazuri zaidi. Wapi? Akasema, "Hiyo sasa ni siri yangu. Nikikwambia wewe, watoto watajua."

Nilikuwa nimeweka sauti ya nje ili wanangu wamsalimie baba yao. Kulwa alikuwa amekaa miguuni pangu anasikiliza. Simu ilipokatika akaniambia, "Mama, tukirudi mimi nitaliona tu."

Jumamosi anakuja kutuchukua, na baba yake mzazi, na shangazi yake. Watakaa sebuleni kwa mama yangu, nitawapa shikamoo, watasema mke wetu amepumzika vya kutosha. Nikikataa mbele ya wakwe nimewavunjia heshima. Nikikubali, nawarudisha watoto kwenye nyumba ambayo hata mimi mwenyewe sijui nifagie wapi kwa uangalifu.

Mnaonisoma, hasa nyie wenye silaha majumbani na watoto wadogo, niambieni mnafanyaje, na niambieni Jumamosi niwajibu nini. Matusi mniwekee akiba, nahitaji ushauri.