Bingwa Aliyekataa Kugeuka

Manasseh wa Marani alipigana mieleka ya kulipwa kwa miaka tisa na akashindwa mara sitini na tatu. Watu wa Suneka walimpenda kwa sababu alijua kuanguka kwa kelele. Lakini mkanda wa ubingwa, ulioshonwa na fundi viatu kwa ngozi ya ng'ombe, hakuwahi kuufunga kiunoni, na magoti yalikuwa yameanza kulalamika. Pigano lake la mwisho lilipangwa Keroka, adhuhuri, dhidi ya Mokua, bingwa mwenye mkanda, mwanamume mzito kama magunia mawili ya majani chai mabichi.

Manasseh alikuwa ameshapanda ulingoni, ndani ya kaptula nyekundu ya kubana, alipomwona mama mkwe wake, Nyamoita, akipewa kiti cha mbele. Alikuwa ametoka sokoni kuuza ndizi. Kwetu Gusii, mwanamume hasimami nusu uchi mbele ya mama mkwe. Hiyo ni chinsoni, heshima ya wakwe, na kuivunja ni aibu ya ukoo mzima. Kushuka nako kulikuwa kuuaga mkanda.

Akaruka nyuma ya refa.

"Kwamboka! Mama yako!"

Mkewe alikimbia kwa wachuma chai waliokuwa wakitazama, akarudi na aproni ya plastiki. Ilimfunika vizuri, kifuani hadi magotini. Mbele tu.

Basi Manasseh akapigana akielekea upande mmoja, macho ameyainua mawinguni yasikutane na ya mama.

"Geuka, wewe mlango!" Mokua akafoka.

"Siwezi, bwana. Mkwe!"

Mokua alimvuta mkono, akamsukuma bega, akamkumbatia kiuno. Manasseh, aliyezoea kuangushwa hata na upepo, hakusogea. Mokua akamzunguka mara ishirini akitafuta pa kushika, kizunguzungu kikamshika, akakaa chini mwenyewe, kisha akalala. Manasseh akamkalia kifuani, bado ameelekea mbele, refa akahesabu hadi tatu.

Bingwa aliondoka kinyumenyume, akaangusha kibanda kimoja cha nyanya. Mpaka leo vijana wa Keroka wakipigana, lazima mmoja akatae kugeuka.

Jioni Kwamboka alimwuliza mama yake, "Mama, umeyaona mambo ya leo?"

"Nione nini? Nilipomtambua mkwe tu nilijifunika leso usoni mpaka mwisho. Nimesikia vishindo. Nani alishinda?"

"Mkweo."

"Basi mwambie avae sweta. Keroka kuna baridi."